Tusiwe Wasaidizi wa Kirusi



Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Muhula huu, katika somo la baiolojia, nimeona jinsi neno hilo lilivyo kweli kwa habari za virusi vya UKIMWI.

Kirusi hiki, kilichotambuliwa Paris mwaka 1983, kina jeni 9 tu, wala hakiwezi kuzaana peke yake. Basi huingia katika seli za CD4, ambazo ndizo ziongozazo askari wa mwili, kikazigeuza kuwa karakana yake. Wafanya kazi wake ni protini. Iitwayo gp120 hushika mlango wa seli. Integresi hushona maandishi ya kirusi ndani ya maandishi ya seli yenyewe. Ndani ya seli yumo mlinzi, APOBEC3G, awezaye kuyaharibu maandishi hayo. Lakini protini nyingine, Vif, humkamata mlinzi na kumpeleka mahali seli inapovunjia takataka zake. Mlinzi akiisha kuondoka, adui hustawi.

Dawa zipo. Dolutegravir humzuia integresi asishone. Mtu amezaye dawa zake kila siku, hata vipimo visikione kirusi katika damu yake, huishi na afya njema, wala hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Lakini akiacha, kirusi kilicholala ndani ya seli huamka.

Sasa naungama. Nilipokuwa kidato cha pili, mwenzetu mmoja bwenini alificha vidonge vyake katika kopo la dawa ya viatu. Usiku mmoja kopo likafunguliwa mbele ya watu. Tulicheka, nami nilicheka. Tangu siku ile alingoja mpaka tulale ndipo ameze, na siku nyingine usingizi ulimshika yeye kwanza. Muhula uliofuata hakurudi. Sikujua wakati ule kwamba tulikuwa tukifanya kazi ya Vif: tulimwondolea mlinzi wake.

Wako wasemao kwamba mwanafunzi wa namna hiyo akae kwao, asije akatuambukiza. Hofu hiyo haina msingi. Kirusi hiki hakipiti katika sahani, ndoo, wala shuka.

Maoni yangu ni haya. Kila mwanafunzi mwenye dawa ya kila siku, iwe ya pumu, ya kifafa, ya selimundu au nyingine yoyote, apewe saa moja maalumu ya jioni kwenda kwa matroni, katika chumba chenye mlango ufungwao. Wote wakienda pamoja, hakuna atakayejua nani anameza nini. Wazazi nao wasiogope kumweleza matroni mapema. Nasi wanafunzi tufunge vinywa vyetu.

Kirusi kina wasaidizi wa kutosha. Tusijiongeze sisi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne