Kompyuta Nayo Ina Ngeli

Wengi wetu klabuni tumelelewa na Kiswahili cha nyumbani hapa Sib. Tukisema "kitabu yangu", bibi hatuachi tumalize: "Changu!" Zamani tuliona ni maudhi. Tangu tuanze kusoma kompyuta, tunaona bibi anafanya kazi kubwa: anakagua kosa kabla halijafika mbali.

Lugha za programu zenye aina hufanya vivyo hivyo. Namba ina aina yake, maandishi yana yake. Ukizichanganya, programu inakataliwa kabla haijaanza kazi. Nadharia ya kategoria, iliyoasisiwa na Samuel Eilenberg na Saunders Mac Lane mwaka 1945, inatupa picha nzuri: kila kazi ni mshale kutoka aina moja hadi nyingine, na mishale miwili huungana pale tu ambapo mwisho wa mmoja ndio mwanzo wa mwingine.

Ugumu huja kazi zikienda sambamba. Sehemu mbili za programu zikingojeana, zote hukwama. Hali hiyo tunaijua: watu wawili wanakutana, kila mmoja anajiona mkubwa, kila mmoja anangoja shikamoo. Mwaka 1993 Kohei Honda alionyesha kwamba hata mazungumzo yanaweza kupewa aina: huyu akituma, yule apokee. Shikamoo ina marahaba yake. Pande zote mbili zikiwa za kungoja, mkaguzi anazikataa mapema.

Maoni yetu ni haya: klabu ibuni lugha ndogo ya programu yenye misingi hiyo, na mjadala wote uwe kwa Kiswahili. Kutafsiri amri za Kiingereza peke yake hakutoshi. Huko ni kupaka rangi nyumba ya mwenzio.

Tunajua ngeli si aina kamili. Bibi anaelewa "kitabu yangu" hata akikunja uso, mashine haisamehe. Tunajua pia wapo watakaosema Kiswahili chetu ni cha jikoni na salamu, hakiwezi hesabu. Lakini kisipopelekwa kwingine, kitabaki jikoni, na watoto wetu hawatakikuta hata huko.

Walimu wetu, tupeni jioni moja kwa mwezi. Tukikosea ngeli, tusahihisheni kama bibi: palepale, kisha mtuache tuendelee.