Korona ni ya Nani? Mkonge wa Korogwe, Ardhi ya Handeni na Suala la Ushirika

Wengi wakisikia habari za kuupinga ubepari huyapeleka mawazo yao kwenye maandamano ya miji mikubwa, mabango na hotuba kali, kana kwamba dhuluma ya mtaji haitambuliwi ila na aliyeisoma vitabuni. Ilhali atokaye Hale akaliandama bonde la mto Pangani mpaka Ngombezi, kisha akageuka kusini kuelekea Handeni, atakuta suala hilo limekaa huko zaidi ya miaka mia, na wanaolijadili kwa dhati ni wakulima ambao, katika mikutano ya chama chao cha msingi, huulizana nani aliyepima majani, na makato haya yameamuliwa na nani. Kwa maoni yangu maswali hayo mawili yana uzito kuliko hotuba nyingi, na ushirika usioweza kuyajibu haustahili jina lake, hata ukipambwa kwa katiba, muhuri na ofisi.

Mkonge si mwenyeji wa nchi hii. Dakta Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche kutoka Florida mwaka 1893, ikasalimika 62 tu, na hiyo michache ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kufikia mwaka 1902 reli itokayo Tanga ilikuwa imekwisha kufika Korogwe, na ardhi njema ya kando yake ikawa inapita katika mikono ya walowezi. Shamba likapatikana, wakakosekana watu, kwani Msambaa, Mbondei au Mzigua mwenye mahindi yake na mbuzi wake hakuona sababu ya kwenda kukata majani ya miiba ya mtu mwingine kwa ujira wa kudhalilisha. Ndipo mwaka 1907 Usambara ikaletewa kipande, kadi iliyomlazimu mwanamume kufanya kazi siku 30 katika kila miezi 4. Na katika zama za Waingereza wenye mashamba, walipoona mikono bado haitoshi, waliunda mwaka 1944 ofisi ya SILABU ya kuwakusanya watu wa mbali, ambao nchi nzima iliwajua kwa jina la manamba. Mtaji, basi, haukuingia Korogwe kwa mapatano ya soko huria kama wasifu wake wapendavyo kusimulia. Uliingia kwa amri ya serikali, na serikali haijatoka katika hesabu za mkonge mpaka leo.

Upande wa Handeni kuna jambo ambalo wasemaji wa maendeleo hulisahau. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992 juu ya nchi hiyo, ameeleza kwamba kabla ya ukoloni wakubwa wa Uzigua walikuwa na dhima ya kuweka akiba ya nafaka na kuwalisha waliowategemea mwaka wa ukame, na kwamba makazi ya watu wengi waliofyeka vichaka pamoja ndiyo yaliyomzuia mbung'o asiwasogelee ng'ombe. Nguvu za wakubwa hao zilipovunjwa, pasipatikane mwingine wa kuichukua dhima yao, njaa na mbung'o vikafuatana, na katika miaka ya 1930 njaa iliikalia Handeni mwaka hata mwaka. Sisemi kuwa zamani palikuwa peponi. Baadhi ya wategemezi wale walikuwa watumwa, na hisani ya mkubwa ina bei yake. Nisemalo ni kwamba akiba ya chakula na utunzaji wa ardhi vilikuwa kazi ya jamii nzima muda mrefu kabla ya mwaka 1932, ilipotungwa sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika Tanganyika, na anayewaambia wazee wa Handeni kwamba anawaletea ushirika kama kitu kipya hana budi kuwasikiliza kwanza.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliyatia mashamba mengi ya mkonge mikononi mwa umma. Nchi iliyokuwa ikitoa tani zipatazo 230,000 mwaka 1964, ikiongoza duniani, ilishuka hata kufikia tani kama 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1990, na maadui wa ujamaa hawachoki kulitaja anguko hilo. Hata hivyo, insafu yadai tukumbuke pia kwamba kamba za plastiki zilikuwa zimeivunja bei ya mkonge ulimwenguni. Kwangu mimi kosa kubwa zaidi lilikuwa jingine, nalo ni kwamba mkata mkonge alibaki mkata mkonge. Meneja alibadilika, bendera ikabadilika, lakini yule aliyeamka alfajiri na panga hakupata sauti juu ya mashine wala juu ya bei. Tena vile vyama vilivyochipuka kutoka chini vilionekana vya hatari: Ruvuma Development Association, iliyoanzishwa na wanavijiji wenyewe kule Songea, ilipigwa marufuku Septemba 1969, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa kwa amri. Serikali iliyohubiri ujamaa iliwaogopa wajamaa wake.

Mashamba yalipobinafsishwa, kampuni ya Katani ilianzisha mwaka 1999 mpango wa kuwagawia wakulima wadogo sehemu za mashamba ya Hale, Mwelya, Magunga, Ngombezi na Magoma, ili wao walime na kampuni isindike. Hapa yafaa tukae kidogo, kwa maana siri yote ya mkonge imefichwa katika tabia ya jani lenyewe. Jani likishakatwa halingoji. Lisipofika koronani (nasema ile mashine kubwa ya kutoa singa, iliyoitwa hivyo miaka mingi kabla ya maradhi yale) katika muda wa siku moja au mbili, hukauka na singa zake huharibika. Fauka ya hayo, singa hazifiki hata asilimia 5 ya uzito wa jani. Mengine yote ni maji na makapi, na kwa hiyo hakuna mwenye akili atakayelipakia lori majani hayo kuyapeleka wilaya ya mbali kutafuta bei nzuri. Na mashine yenyewe yataka maji mengi, umeme na fedha ambazo mkulima mmoja hawezi kuziota. Matokeo yake ni kwamba mwenye hekta zake 6 za mkonge, hata akiitwa mmiliki katika karatasi, yumo katika mikono ya mwenye korona, ambaye ndiye apimaye, ndiye akataye gharama, na ndiye auzaye. Mtu aliyengoja miaka 3 mpaka jani la kwanza lifae kukatwa hana pa kwenda. Ubepari hauhitaji kumnyang'anya mtu shamba ukiwa umeshika mlango wa pekee ambao mazao ya shamba hilo yaweza kupitia.

Malalamiko ya wakulima juu ya makato na malipo yalikuwa mengi, na serikali iliingilia kati: mwaka 2020 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilivalia njuga jambo hilo, mkonge ukatiwa katika mazao ya kimkakati, na vyama vya msingi vitano (AMCOS) vya mashamba yale vikapewa nafasi ya kusimamia usindikaji na mauzo yao chini ya Bodi ya Mkonge. Hiyo ni hatua ya haki, nami naiunga mkono. Lakini hadhari yahitajika. Kilichotolewa kwa agizo la kiongozi chaweza kutwaliwa kwa agizo la kiongozi, na kumbukumbu ya mwaka 1976 haijafutika. Bodi yenye nia njema leo yaweza kuwa bwana mpya kesho, iwapo wanachama watazoea kupiga simu wilayani badala ya kumwita mwenyekiti wao mbele ya mkutano mkuu.

Wapo watakaonijibu kuwa viongozi wa ushirika nao ni wezi, na kwamba mkulima ameibiwa na mhasibu wa chama chake zaidi ya alivyoibiwa na tajiri. Si uongo. Ila dawa ya wizi huo ni kuwazidishia wanachama nguvu ya kumfukuza mwizi. Kumrudisha tajiri si dawa, kwani tajiri hafukuziki kwa kura.

Handeni ilijaribiwa kwa dawa nyingine. MKURABITA, mpango uliozinduliwa mwaka 2004 kwa fikra za mwanauchumi Hernando de Soto wa Peru, uliichagua wilaya hiyo kuwa ya majaribio ya kurasimisha ardhi, kila mkulima apate hati yake ya hakimiliki ya kimila, aipeleke benki, akope, atajirike. Hati ni jambo jema. Mjane mwenye hati hanyang'anywi kiwanja kirahisi. Lakini yale mengine yote ya mpango huo yamesimama juu ya dhana kwamba umaskini wa Mzigua unatokana na ardhi yake kutofaa kuwekwa rehani. Benki zenyewe hazikuzikimbilia hati hizo, na ashukuriwe Mungu, maana katika nchi ambayo mvua hukosa mara kwa mara, rehani ya shamba ni njia fupi ya kulipoteza. VICOBA vya akina mama, ambamo mkopo hutoka katika akiba yao wenyewe na deni hujulikana kwa jirani, vina maarifa ya mikopo ambayo fikra za de Soto hazijayafikia.

Ushirika wa haki usioitunza ardhi, hata hivyo, hautadumu. Zao moja lililofunika bonde zima ni urithi wa walowezi, na chama kikiurithi bila kufikiri kitaurithi pia msiba wake siku bei itakapoanguka. Mahindi na maharage kati ya mistari ya mkonge mchanga humlisha mkulima miaka ile ya kungoja na kumpunguzia sababu ya kukopa. Na makapi yaliyozoea kumwagwa yakanuka, yalithibitishwa Hale mwaka 2008 kuwa hutoa gesi ya kuzalisha umeme. Wakulima wa MVIWATA, mtandao ulioundwa mwaka 1993, wameshikilia muda mrefu kwamba mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe, nami sioni kwa nini korona za Korogwe zisiwe mahali pa kuyathibitisha hayo kwa vitendo, mashine ikiwa mali ya chama na mizani ikisomwa mbele ya mkata mkonge.

Kwa hiyo nawasihi wanachama wa Hale, Mwelya, Magunga, Ngombezi na Magoma: katika mkutano mkuu ujao, kabla ya kuidhinisha taarifa yoyote, takeni daftari la makato lisomwe kwa sauti, shilingi kwa shilingi, kwa Kiswahili ambacho kila aliyehudhuria anakielewa, na asiyekubali kulisoma asichaguliwe tena.