Uvira: Mvuvi asiye na mtumbwi naye ahesabiwe

Hapa Uvira, wengi wanaovua ndagala usiku katika Ziwa Tanganyika hawana mtumbwi wala nyavu zao. Wanaleta nguvu, wanalipwa kwa fungu la samaki. Asubuhi mwenye mtumbwi anaondoa kwanza gharama ya mafuta na taa, kinachobaki ndicho kinagawanywa. Lakini mara nyingi gharama hiyo anaihesabu peke yake. Usiku wa mbalamwezi hakuna kazi. Ziwa likifungwa ili samaki wazaliane, hakuna hata fungu. Mwenye chombo anastahili faida, hatukatai. Tunaomba komite za wavuvi jambo moja: hesabu ifanyike ufukweni, mbele ya wote, na iandikwe. Aliyekesha majini ajue alichokatwa.