Wodini tunahitaji sabuni

Mhariri,

Tangu ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa Biharamulo, Januari 2025, sisi wa huku na jirani zetu wa Ngara tumezoea kupaka kitakasa mikono chenye spiriti. Si vibaya. Ila norovirusi, vinavyoleta kutapika na kuharisha ghafla, havitishwi sana na spiriti. Dawa yake ni sabuni, maji tiririka na klorini sakafuni. Wodini, sisi tunaouguza ndugu hugombania beseni moja: huyu afue shuka lenye matapishi, yule aoshe vyombo. Wagonjwa wawili wakianza kutapika siku moja, muuguzi aandike ni nani, kitanda kipi, saa ngapi, kisha awatenge. Mtumishi aliyeugua akae nyumbani saa 48 baada ya dalili kuisha. Waganga wakuu wa wilaya zetu, tuwekeeni bomba na sabuni mlangoni mwa kila wodi.

Msomaji wako,
Biharamulo, Kagera