Gunia Moja Lenye Ukungu

Sisi wa Talatala na Kyela yote twaijua biashara ya njemke: ada ya shule yadaiwa, baba auza kakao mbichi, tena kwa bei apendayo mchuuzi. Mwenye debe moja hana sauti. Lakini chama cha msingi chenye magunia mia huita wanunuzi mnadani, nao hushindana.

Mwaka 1844 mafundi 28 wa Rochdale, Uingereza, walichanga akiba zao ndogo wakafungua duka la ushirika. Waliuza chakula safi kwa mizani ya haki, wakaaminiwa.

Hapo ndipo penye kazi. Ushirika haujengwi kwa daftari la majina tu. Kakao ivundikwe siku 5 hadi 7, kisha ianikwe mpaka ikauke sawasawa. Ukichanganya gunia moja lenye ukungu, umeharibu jina la jirani zako wote, na mnunuzi hatarudi.

Basi, juma hili tafuta jirani wawili waaminifu. Wekeni akiba ya ada pamoja, ili shida ya mmoja isimrudishe kwenye njemke. Uaminifu ni mtaji usiokopwa dukani.