Chakula cha Kilimo Hai: Faida ni ya Nani Kwanza?

Hoja itolewayo mara nyingi na wapendao vyakula vya kilimo hai ni kwamba vyakula hivyo vina lishe bora kuliko vingine. Kati ya hoja zote ziwezazo kutolewa, hiyo ndiyo dhaifu kupita zote. Si uwongo mtupu, lakini haiwezi kubeba uzito inaotwikwa. Na maadamu inaendelea kutangulizwa mbele, hoja iliyo nzito inabaki nyuma, haisikiki. Hoja hiyo nzito haihusu kwanza tumbo la mlaji wa mjini. Inahusu mapafu, ngozi na mishipa ya fahamu ya mtu aliyebeba bomba la kupulizia dawa mgongoni.

Kilimo hai, kwa maelezo mafupi, ni ukulima unaojizuia kutumia viuatilifu vya viwandani na mbolea za chumvichumvi, na badala yake ukategemea samadi, mboji, mzunguko wa mazao, mimea ya jamii ya kunde, na maadui wa asili wa wadudu waharibifu. Kujizuia peke yake hakutoshi. Shamba ambalo mwenyewe hakulitia mbolea yo yote kwa kuwa hakuwa na fedha, likavunwa mwaka hata mwaka mpaka udongo ukachakaa, haliwi shamba la kilimo hai kwa sababu tu halikuonja dawa. Hilo ni shamba lenye njaa.

Juu ya lishe, ushahidi uliopo ni huu. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha uchambuzi wa tafiti 237 zilizolinganisha aina hizi mbili za vyakula, wasione tofauti kubwa ya vitamini. Miaka miwili baadaye uchambuzi mwingine, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, na kutumia machapisho 343, ulionyesha kwamba mazao ya kilimo hai yalikuwa na viwango vya juu zaidi vya baadhi ya kemikali za mimea zinazosadikiwa kuukinga mwili, na yalikuwa na kadimi kidogo zaidi, yaani ile metali yenye sumu ambayo huingia shambani pamoja na baadhi ya mbolea za fosfati. Mabishano hayo hayajesha, wala si ajabu. Kiasi cha vitamini katika nyanya hutegemea pia mbegu, udongo, mvua, na idadi ya siku ambazo nyanya hiyo imekaa ndani ya tenga. Mama atakaye kuwaongezea wanawe vitamini atafanikiwa zaidi akinunua fungu la pili la mchicha, uwe umelimwa vyo vyote vile, kuliko akilipa bei maradufu kwa fungu moja.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo pande zote mbili zilikubaliana: mabaki ya viuatilifu huonekana mara chache zaidi katika mazao ya kilimo hai. Kwa hesabu ya Newcastle, mazao ya kilimo cha kawaida yalikutwa na mabaki hayo mara 4 zaidi. Aidha, mwaka 2006 watafiti nchini Marekani walitoa taarifa ya watoto 23 wa eneo la Seattle ambao kwa siku 5 walibadilishiwa vyakula vyao vya kawaida wakapewa vya kilimo hai. Masalia ya viuatilifu viwili, malathioni na klopirifosi, yalipungua katika mkojo wao karibu mara moja hata yasiweze kupimika. Waliporudia chakula cha zamani, yakarudi. Ilidhihirika hivyo kwamba kwa watoto hao njia kuu ya sumu hizo kuingia mwilini ilikuwa ni chakula.

Wapinzani hujibu kwamba viwango hivyo ni vidogo mno, navyo viko chini ya mipaka iliyowekwa na sheria. Jibu hilo lina nguvu penye sheria, maabara na wakaguzi wanaolifikia soko kila wiki. Katika soko ambalo nyanya hufika zikiwa na vumbi jeupe la dawa ya ukungu, na mchuuzi akazifuta kwa kitambaa ili zing'ae, nguvu yake ni ndogo. Hata kuosha kuna kikomo chake: dawa iliyo juu ya ganda hupungua kwa maji, bali ile iliyotengenezwa ili ipenye ndani ya mmea na kusafiri pamoja na utomvu haioshwi.

Lakini mabishano hayo yote juu ya mipaka ya mabaki ni ya mtu aketiye mbele ya sahani. Kiasi cha sumu kinachomfikia mlaji ni chembe tu ya kile kilichomfikia mpulizaji.

Mwaka 2007 watafiti wa iliyokuwa Taasisi ya Utafiti wa Viuatilifu iliyoko Arusha, pamoja na wenzao, walichapisha uchunguzi wao juu ya wakulima wadogo wa mboga katika Kaskazini mwa Tanzania, walimao nyanya, kabichi na vitunguu. Kati ya wakulima waliohojiwa, asilimia 68 walisema wamewahi kujisikia wagonjwa baada ya kupuliza dawa kwa kazi ya kawaida. Si kwa ajali, si kwa kunywa kwa bahati mbaya, bali kwa kazi ya kawaida. Walitaja matatizo ya ngozi, kizunguzungu na kuumwa kichwa. Zaidi ya nusu walipuliza mara 5 au zaidi katika msimu mmoja, kwa kutegemea zao. Kiasi cha theluthi moja walichanganya dawa mbalimbali ndani ya bomba moja, na kwa michanganyiko hiyo hapakuwa na maelekezo yo yote, si kwenye vibandiko vya chupa wala kutoka kwa mabwana shamba. Kila mmoja alikuwa mkemia wa shamba lake mwenyewe.

Ni vema kueleza kinachotokea ndani ya mwili wa mtu huyo, maana jambo lenyewe hudharauliwa kwa kutoeleweka. Viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti, ambavyo klopirifosi ni kimojawapo, huua mdudu kwa njia ile ile inayoweza kumwua binadamu. Mshipa wa fahamu unapotaka msuli ukunjike hutoa kemikali iitwayo asetilikolini. Kazi ikisha, kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi huivunja kemikali hiyo upesi, na msuli hupumzika. Kiuatilifu hukishika kimeng'enya hicho na kukifunga kisifanye kazi. Amri ya kujikunja basi haifutiki tena: mate humtoka mtu, macho hufifia, kifua hubana, misuli hutetemeka, na ikiwa sumu ni nyingi pumzi hukatika. Ikiwa ni kidogo, dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na uchovu, ambazo mkulima huzihesabu kuwa ni jua kali au homa inayonyemelea. Hununua vidonge, hulala kidogo, na siku ya pili hulibeba bomba tena kabla mwili haujatengeneza kimeng'enya kingine cha kutosha. Kipimo cha damu cha kolinesterasi kipo na wataalamu wanakijua. Ni wapulizaji wa nyanya wasiofikiwa nacho.

Itasemwa kwamba sumu hizo zilichunguzwa na kusajiliwa, na kwamba mkulima akifuata maelekezo hadhuriki. Historia ya usajili wenyewe haimpi mtu usingizi mzuri. Uwezo wa DDT wa kuua wadudu uligunduliwa na Paul Müller wa Uswisi mwaka 1939, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Mwaka 1962 Rachel Carson alitoa kitabu chake Silent Spring, akaonyesha jinsi sumu hiyo ilivyopanda kutoka wadudu hadi ndege. Mwaka 1972 Marekani ikaizuia katika kilimo, na mwaka 2001 Mkataba wa Stockholm ukaibana duniani kote, isipokuwa katika kupambana na wadudu waenezao magonjwa kama malaria. Endosulfani, ambayo wakulima wa Afrika Mashariki waliizoea, iliingizwa katika Mkataba huo mwaka 2011. Zamu ya klopirifosi ilifika mwaka 2025, tena kwa misamaha kadhaa. Kila moja ya sumu hizi iliwahi kuuzwa dukani kwa kibali kamili. Mnunuzi achaguaye chakula kisichopulizwa sumu hizo hadai kuwa mjuzi kuliko wataalamu. Anakataa tu kushiriki katika jaribio ambalo matokeo yake hutangazwa baada ya miaka 30.

Wala sumu haiondoki kwa kupigwa marufuku. Katika Shamba la Vikuge, Mkoa wa Pwani, shehena ya viuatilifu vilivyopitwa na wakati ilihifadhiwa katika banda ambalo hatimaye lilianguka. Shehena iliondolewa, mahali pakasafishwa. Watafiti walioandika mwaka 2004 walikuta udongo na maji ya pale bado yamechafuliwa vibaya, DDT ikiwamo.

Dhidi ya haya yote iko hoja moja ambayo haifai kuepwa, nayo ni ya mavuno. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba mavuno ya kilimo hai ni pungufu kwa kati ya asilimia 5 na 34, kwa kutegemea zao na mazingira. Pengo hilo si dogo kwa nchi yenye watu wanaoongezeka. Nayo Sri Lanka imetoa somo kali zaidi: mwezi Aprili 2021 serikali yake ilizuia uingizaji wa mbolea na viuatilifu vya viwandani kwa ghafula, mavuno ya mpunga yakaanguka, na kufikia Novemba mwaka huo huo amri ikalegezwa. Waliotoa amri ile walidhani kwamba kilimo hai ni kuondoa kitu. Udongo uliozoeshwa naitrojeni ya viwandani kwa miongo mingi haugeuki kwa tangazo la serikali. Unahitaji miaka ya mboji na kunde, na mkulima anahitaji maarifa ambayo hayauzwi dukani.

Maarifa hayo yapo, tena mengine yamezaliwa hapa hapa. Katika kituo cha Mbita, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, watafiti wa kituo cha kimataifa cha wadudu, ICIPE, pamoja na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, walibuni njia ya kukinga mahindi iitwayo "sukuma-vuta". Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde ambao harufu yake huwafukuza nondo wa funza wa mabua. Pembezoni mwa shamba hupandwa matete, ambayo harufu yake huwavuta nondo hao wakatage mayai huko. Funza wakianguliwa, wengi hunaswa na utomvu unaonata wa matete na kufa. Mizizi ya desmodiamu nayo hutoa kemikali zinazoifanya mbegu ya kiduha iote pasipo kupata mzizi wa mahindi wa kujishikiza, ikafa. Zaidi ya hapo mmea huo huingiza naitrojeni udongoni, na pamoja na matete huwa malisho ya ng'ombe, ambaye hurudisha samadi shambani. Hapo pana kemia nyingi kuliko iliyomo ndani ya chupa ya dawa, isipokuwa kemia hiyo haihitaji kinyago wala glavu.

Inapasa kuongeza, kwa ajili ya wanaodhani kwamba kila kitu cha asili ni salama, kwamba asili haina huruma kiasi hicho. Utupa, mmea ambao wavuvi waliutumia kulevya samaki, una rotenoni, nayo imethibitishwa kuharibu ubongo wa panya. Mrututu, ambao sheria za kilimo hai huuruhusu kwa mipaka dhidi ya ukungu, ni chumvi ya shaba, na shaba hujikusanya udongoni. Sumukuvu iliyoua watu nchini Kenya mwaka 2004 na katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016 ilitokana na kuvu, si kiwanda. Mwarobaini na pareto huonekana kuwa bora kwa sababu viambato vyake huvunjwavunjwa upesi na jua, si kwa sababu ni mimea.

Linabaki suala la bei. Kumtaka mtu wa kipato kidogo alipe zaidi kwa ajili ya afya ya mkulima asiyemjua ni kumtwisha mzigo usio wake peke yake. Shule za bweni na hospitali hununua mboga kwa magunia. Zingepewa agizo la kununua walau sehemu yake kutoka kwa vikundi vya kilimo hai, mkulima angepata soko la hakika, na bei ingeshuka. Vigezo vya kufuata vipo tayari: Jumuiya ya Afrika Mashariki iliidhinisha kiwango chake cha mazao ya kilimo hai mwaka 2007, pamoja na alama ya Kilimohai ya kubandikwa kwenye mazao yaliyokaguliwa.

Pasipo na alama hiyo, na katika masoko mengi haipo, mnunuzi anaweza kuuliza dawa ilipulizwa lini kwa mara ya mwisho, na ni dawa gani. Kila kiuatilifu kina idadi ya siku za kungoja kabla ya kuvuna, iliyoandikwa kwenye kibandiko. Muuzaji wa rejareja hatajua jibu. Akiulizwa na wateja kumi kwa siku atamwuliza mchuuzi wa jumla, naye mchuuzi, alfajiri, wakati matenga yanapopakiwa, atamwuliza mwenye shamba.