Mbona Twawaandika Waliokwisha Kufa Tu?

Wasomaji wetu, ninyi nyote mmehudhuria maziko, nanyi mwalijua jambo hili. Usiku wa kuamkia maziko vijana wawili watatu huitwa kando, hupewa karatasi moja iliyochanwa katika daftari la mtoto wa shule, huambiwa, "Andikeni historia ya marehemu." Basi huanza kuulizana. Alizaliwa mwaka gani? Mmoja husema 1938, mwingine husema la, ni mwaka ule wa njaa. Mama yake mzazi aliitwa nani? Hapo hunyamaza wote, kisha humtuma mtoto akamwulize shangazi, naye shangazi analia, hawezi kujibu. Kesho yake karatasi ile husomwa mbele ya kaburi: alizaliwa, akabatizwa, akaoa, akaugua, ameacha watoto saba na wajukuu kadha wa kadha. Msomaji huikunja, huitia mfukoni mwa koti, na koti hufuliwa.

Sisi walimu twasema wazi kwamba desturi hii haitufai. Kuandika ni kwema, ila wakati wake ndio uliopotoka. Mtu amekaa nasi miaka themanini, akiota jua penye ukuta wa tembe, tayari kusema, wala hakuna aliyemwuliza. Siku afungapo kinywa ndipo tutafutapo kalamu!

Wako watujibuo kwamba wazee wetu hawakuandika, nao walikumbuka kila kitu. Jibu hili lapendeza masikioni, lakini na tulipime. Ugogo ilikuwako njaa kubwa iitwayo Mtunya, baina ya miaka 1917 na 1920. Vita vya Wadachi na Waingereza vilikuwa vimepita nchini. Majeshi yakatwaa ng'ombe na nafaka, yakatwaa na vijana wawe wapagazi, kisha mvua ikakosa. Yakadiriwa kwamba katika Wagogo wapatao 150,000 walikufa 30,000. Je, wewe usomaye, katika ukoo wako walikufa wangapi, na majina yao ni yapi? Jina la njaa tunalo hata leo. Majina ya watu hatunayo. Walioyajua walikwenda nayo, wala hawakuwa wasahaulifu. Waliwasimulia watoto wao jioni, na watoto wakashika hadithi ya njaa, wakaacha majina, kwa kuwa ndivyo masikio yalivyo.

Katika njaa hiyo hiyo, mwaka 1917, alizaliwa Mgogo mmoja, Mathias Mnyampala. Alisoma shule ya misheni, akawa mwalimu, baadaye karani, kisha hakimu. Huyu aliwaendea wazee, akawauliza habari za koo na watemi na mila, akaandika. Mwaka 1954 kitabu chake kilipigwa chapa, nacho chaitwa Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Mwenyewe alifariki mwaka 1969, na habari za maisha yake alizoziandika kwa mkono wake zikatoka kitabuni baada ya kufa kwake. Leo mtaalamu wa ng'ambo atakaye kujua habari zetu hana budi kupitia kwake, na kitabu kile kilifasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1995. Hakuwa profesa. Alikuwa na elimu kama ya wengi mnaosoma ukurasa huu, pengine pungufu. Na huko pwani, mwaka 1934, James Mbotela alitoa kitabu Uhuru wa Watumwa, akieleza jinsi baba yake alivyotekwa utumwani, akaokolewa, akafika Freretown. Asingeandika mwana, nani angalijua safari ya baba?

Wengine waogopa kwamba kuandika ni kufunua aibu: nani alimfukuza mkewe, nani aliuza ng'ombe wa mahari ya nduguye. Hofu hii ina haki yake, nasi hatuicheki. Lakini ni nani aliyekulazimisha kuandika yote? Mwenye kalamu ndiye achaguaye. Mkikaa kimya aibu hazifi. Husimuliwa kilabuni na kutiwa chumvi, na mema yenu ndiyo yasiyosemwa.

Vijana nao watuambia kwamba simu zao hunasa sauti. Vema, naseni, sauti ya bibi ni tunu. Lakini simu huibiwa, huanguka kisimani, na mwenye kununua mpya akiulizwa sauti ile iko wapi hujikuna kichwa.

Na haraka yetu ina sababu. Mwaka 1971, katika Operesheni Dodoma, watu wa mkoa huu walihamishwa kutoka maboma yao yaliyotawanyika, wakakusanywa vijijini. Yaliachwa matembe, mashamba, na makaburi ya mababu. Aliyekuwa na miaka ishirini siku zile sasa amepita sabini. Yeye aweza kukuonyesha kwa kidole ulipokuwa mlango wa babu yako na mbuyu uliokuwa karibu nao. Mwanawe, aliyezaliwa kijijini, hawezi.

Basi mavuno ya uwele yakiisha, nunua daftari. Usimwambie mzee, "Nieleze historia yako," kwa maana atasema hana historia. Mwulize walikula nini mwaka ule wa njaa, nani alijenga tembe lao, aliposwa kwa ng'ombe wangapi na walitoka zizi la nani, siku ya kuhama walibeba nini na waliacha nini. Akitaja mwaka kwa jina la njaa, liandike vilevile alivyosema, usimsahihishe; hesabu utaifanya baadaye. Ukimaliza, nakili mara ya pili, nakala hiyo uiweke nyumba nyingine kwa ndugu yako, kwa kuwa mchwa wa kwetu hawabagui karatasi.